Kondoo na Kondo

Kondoo si mnyama wa asili ya Afrika. Wahenga wake walifugwa kwanza Asia ya Magharibi, na yapata miaka 4000 iliyopita wafugaji walikwisha kuwafikisha kandokando ya Ziwa Turkana. Huyu wetu wa mkia mnene wenye mafuta ana singa fupi, wala hana sufu. Ndiyo maana mwanafunzi asomaye habari za kukata sufu humtazama mwalimu kwa mshangao.

Waganda humwita endiga, Wanyarwanda na Warundi intama, Wakikuyu ng'ondu, jina linalokaribiana na letu. Katika Rwanda ya kale wengi hawakula nyama yake. Mswahili naye humwita mtu mpole kondoo, mara kwa sifa, mara kwa dharau, yaani mtu wa kufuata tu. Wamisionari wakaongeza maana ya muumini, na mchungaji akawa kiongozi wa kanisa.

Hapa Uganda, walimu wenzangu, yafaa tahadhari zaidi. Katika miaka ya 1960 na 1970 jina kondo lilienea kwa maana ya jambazi mwenye silaha. Na katika Kiswahili chenyewe kondo ni vita. Irabu moja ikipotea, mpole hugeuka mnyang'anyi. Niliwahi kusoma darasani insha ambamo mzee alichinja "kondo" kwa ajili ya wageni. Darasa likaangua kicheko. Mwandishi akainamisha kichwa, asijue kosa lake. Kosa lilikuwa langu: sikuwa nimewafundisha kulivuta neno hilo.