Kiapo cha Walimu wa California

Je, yafaa mwalimu atangaze mawazo yake kwanza, ndipo apewe kazi? Swali hili limewagawa wenye elimu huko Marekani mara mbili.

Mwaka 1949 wakubwa wa Chuo Kikuu cha California, kwa hofu, waliwaamuru walimu waape kwamba si wakomunisti. Waliokataa hawakutetea ukomunisti. Walitetea uhuru wa kufikiri. Mwaka 1950 walimu 31 wakafukuzwa. Mwaka 1952 mahakama kuu ya jimbo ikatamka kwamba chuo hakina ruhusa ya kujitungia kiapo.

Miaka mingi baadaye, matawi mengi ya chuo hicho yaliwataka waombaji wa kazi waandike jinsi wanavyosaidia watu wa kila rangi na hali. Nia ilikuwa njema, maana wengi walikuwa wamefungiwa mlango. Lakini mwaka 2019 Abigail Thompson, mwalimu wa hesabu chuoni humo, aliifananisha barua hiyo na kiapo cha zamani. Wengine wakampinga: kuuliza matendo ya mtu si kumwapisha. Machi 2025 chuo kiliacha kuidai.

Basi, kuwafungulia mlango waliofungiwa ni haki. Lakini mwenye njaa ya kazi huandika linalotakiwa, na moyo wake haujulikani.