Mzee Punch na Wajukuu Zake

Kabla ya simu za mkononi kuingia vyuoni, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na Mzee Punch. Hakuwa mtu. Lilikuwa jina walilojificha nyuma yake wanafunzi waliobandika ukutani maandishi na vikaragosi bila kujitambulisha. Wakubwa wa chuo walipodhihakiwa, wengi walicheka. Baadaye shabaha ikawa wanafunzi wa kike. Aliyeandikwa alitengwa, na mwenzake aliyethubutu kufuatana naye aliweza kuandikwa pia. Februari 1990 msichana mmoja aliyeandamwa hivyo alijitoa uhai.

Vijana huniambia kwamba mambo ya mtandao ni mapya kabisa. Mimi, niliyelea walimu wanafunzi kwa miaka mingi, naona ukoo. Oktoba 2003, katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwanafunzi Mark Zuckerberg alichukua picha za wenziwe bila ridhaa yao, akazipanga mbili mbili kwenye kompyuta ili watazamaji wachague yupi anapendeza zaidi. Mchezo huo ulifungwa baada ya siku chache. Tarehe 4 Februari 2004 akaja na Facebook, jina lililotokana na kitabu cha picha za wanafunzi. Ilianza Harvard, ikaenda chuo hadi chuo, na mwaka 2006 ikafunguliwa kwa kila mwenye umri wa miaka 13 na zaidi.

Kule kuenea kwa zamu kuliwafaa wachumi watatu, Luca Braghieri, Ro'ee Levy na Alexey Makarin. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022 walilinganisha vyuo vilivyoupata mtandao huo mapema na vilivyochelewa. Ulikofika, dalili za sonona ziliongezeka, na wanafunzi wengi zaidi walisema hali yao imedhoofisha masomo. Sababu waliyoiona ni kujilinganisha na wenzao. Hapakuhitajika tusi.

Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyotungwa Tanzania mwaka 2015, inakataza kumwandama mtu mtandaoni. Ni vyema, lakini katazo hilo linamhusu mwandamaji tu.

Karatasi ya Punch ilikuwa na mahali pake. Ungeweza kuibandua, au kupita njia nyingine; ukienda likizo kwenu, iliachwa Mlimani. Simu hulala chini ya mto. Tena leo mwanafunzi hubandika picha yake mwenyewe, kisha hukesha akihesabu waliomsifu, na asubuhi huja darasani akisinzia.