Habari za Kiungulia na Dawa Zake

Mtu apitaye Mchafukoge wakati wa jioni, akifuata Mtaa wa Uhuru, ambao zamani uliitwa Kichwele, kuelekea soko la Kariakoo, hukutana na mishikaki, mihogo ya kukaanga, pilipili na chai nzito. Watu hula kwa haraka, tena hushiba sana, kisha huenda kulala. Ndiyo sababu katika maduka ya dawa ya mji huu hakosekani mtu ashikaye kifua na kusema, "Nipe ya kiungulia." Hupewa, hulipa, huenda zake. Sisi twaona ni vema wasomaji wetu waijue historia ya kitu hicho wakinunuacho, kwa maana asiyejua asili ya dawa hajui pia mpaka wake.

Kwanza tuseme kiungulia ni nini. Ndani ya tumbo mna tindikali kali, nayo si adui: ndiyo imeng'enyayo chakula na kuua vijidudu vingi. Tumbo lina utando wa kulikinga, lakini umio, yaani njia ipitishayo chakula kutoka kooni, halina kinga kama hiyo. Baina yao pana msuli ufungao kama kamba ya mdomo wa mfuko. Msuli huo ukilegea, tindikali hupanda juu, na mtu huona kifua chaungua.

Watu wa zamani hawakuijua tindikali, lakini walijua magadi. Magadi hutoka katika maziwa ya Bonde la Ufa, kama Ziwa Natron katika Tanzania na Ziwa Magadi katika Kenya, nayo hutiwa katika maharagwe ili yalainike upesi. Mama yeyote wa jikoni ajua kwamba ukidondosha maji ya ndimu juu ya magadi, povu huinuka. Povu lile ndilo elimu yote ya dawa za kwanza: kikali kimekutana na kinyume chake, vikatulizana, na hewa ikatoka. Husemwa kwamba dawa ya moto ni moto. Moto huu wa kifuani hautaki moto mwenziwe. Hata hivyo magadi si dawa ya kunywa. Mengine yana madini ya floridi yaharibuyo meno ya watoto, na chumvi yake haimfai mwenye shinikizo la damu.

Huko Ulaya na Marekani elimu ilikwenda hatua kwa hatua. Mwaka 1823 tabibu Mwingereza, William Prout, alionyesha kwamba tindikali ya tumbo ni ile itokayo katika chumvi, yaani asidi ya hidrokloriki. Mwaka 1822 kijana aitwaye Alexis St. Martin alikuwa amepigwa risasi tumboni huko Marekani. Akapona, lakini tundu halikuziba. Tabibu wake, William Beaumont, alichungulia kwa tundu lile miaka mingi, akaona chakula kinavyoyeyuka, akatoa kitabu mwaka 1833. Katika miaka ya 1870 Charles Henry Phillips akatengeneza maji meupe ya magnesia, ambayo watu huyanywa hata leo.

Lakini dawa hizo zote zilituliza tindikali iliyokwisha toka. Hazikuzuia nyingine isitoke. Wenye vidonda vya tumbo waliteseka kwa muda mrefu, na wengine walipasuliwa. Mwaka 1976 ilianza kuuzwa Uingereza dawa ya simetidini, tunda la kazi ya James Black, nayo ilipunguza tindikali kabla haijatoka. Mwaka 1988 Black alipewa Tuzo ya Nobel, na mwaka huo huo Sweden ikatoa omeprazoli, yenye nguvu zaidi. Nao Robin Warren na Barry Marshall wa Australia walionyesha kwamba vidonda vingi huletwa na kijidudu. Marshall alikinywa kijidudu hicho mwenyewe mwaka 1984 ili apate ushahidi, na mwaka 2005 wote wawili wakatuzwa. Basi mwenye kidonda cha namna hiyo hahitaji kutulizwa tu. Hutakiwa apimwe na kupewa dawa za kukiua.

Hapa kwetu maduka madogo yaliitwa maduka ya dawa baridi, mpaka mwaka 2003 ulipoanza mkoani Ruvuma mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu, ambao wauzaji wake hufundishwa kwanza. Jina lile la "baridi" limewadanganya wengi. Walidhani dawa baridi haiwezi kudhuru. Sivyo.

Vidonge vya kutafuna hutuliza upesi, lakini kwa saa chache tu. Vyenye alumini hufunga choo, vyenye magnesia hulegeza, na mgonjwa wa figo asivitumie pasipo shauri la tabibu. Tena huzuia dawa nyingine zisiingie mwilini. Basi yafaa ziachane kwa saa mbili hivi. Omeprazoli humezwa nusu saa kabla ya kula, na kwa kawaida kwa majuma manne mpaka manane. Aimezaye miaka mingi bila kuangaliwa aweza kupungukiwa na magnesi na vitamini B12, na mifupa yake yaweza kudhoofika. Akiiacha ghafula, tindikali hurudi kwa nguvu, naye hudhani ugonjwa umezidi, kumbe ni mwili watafuta kawaida yake.

Liko jambo kubwa kupita hayo. Saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zionekanazo sana katika Afrika ya Mashariki, na wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa. Mtu ambaye chakula humkwama, au akondaye bila sababu, au atapikaye damu, au apataye choo cheusi kama lami, asiende dukani, aende hospitali. Hali kadhalika mwenye maumivu ya kifua yashukayo mkononi, kwa kuwa huenda ni moyo, wala si tumbo.

Kwa wengine dawa ya kwanza haiuzwi: kula kidogo, kuacha kula saa tatu kabla ya kulala, kuinua upande wa kichwani wa kitanda, kupunguza unene, kuacha tumbaku na pombe. Haya hayana faida kwa mwenye duka, lakini yana faida kwa mwenye kifua.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Siku hizi mtu aweza kuyaficha maradhi kwa kidonge, hata asijue mwenyewe kwamba ameyaficha. Basi, msomaji, ukiona wanunua dawa ya kiungulia juma baada ya juma, usimwulize mwuzaji iko wapi iliyo kali zaidi. Mwulize tabibu kwa nini moto hauzimiki.