Wakili Mmoja, Kesi Tatu: Kutoka Hong Kong hadi Kapenguria

Mjomba wa mmoja wetu ana duka la taa Kariakoo, Dar es Salaam. Mwaka jana alikuja Guangzhou, akaagiza mzigo kiwandani, akalipa malipo ya awali, kisha akamalizia kabla kontena halijapakiwa. Kontena lilipofunguliwa Dar es Salaam, nusu ya taa hazikuwa zile alizochagua. Akarudi huku na mkataba wenye muhuri, risiti za benki na mazungumzo ya WeChat ya miezi mitatu. Tulimwuliza, “Mjomba, tukutafutie wakili?” Akacheka bila furaha. “Wakili wa nini, wanangu? Kesi ya ngedere nimpelekee nyani?”

Tulikosa jibu. Sisi ni watoto wa wafanyabiashara, tumekulia Guangzhou, na Kiswahili cha nyumbani tunakisoma upya darasani. Mambo ya mahakama hatuyajui. Lakini kusoma historia tunaweza. Kwa hiyo tukalichukua swali la mjomba hadi maktaba: je, kumwajiri wakili mzoefu kuna faida gani ikiwa unaamini hakimu hayuko upande wako?

Jibu tulilipata katika maisha ya Mwingereza mmoja, Denis Nowell Pritt. Alizaliwa 1887, akawa wakili 1909, na kuanzia 1935 hadi 1950 alikuwa mbunge. Tutaeleza kesi zake tatu. Ya kwanza inaanzia hapa hapa mjini kwetu.

Kutoka Barabara ya Wenming

Katika Barabara ya Wenming, katikati ya Guangzhou, kuna nyumba ya zamani iliyohifadhiwa kuwa makumbusho. Humo Ho Chi Minh aliwafundisha vijana wa Vietnam siasa ya kupinga ukoloni. Alifika Guangzhou mwishoni mwa 1924, na mwaka uliofuata akaanzisha chama cha vijana wa mapinduzi wa nchi yake. Mwaka 1927 Chiang Kai-shek aliwageukia wakomunisti, na Ho akalazimika kukimbia.

Juni 1931 polisi wa Kiingereza walimkamata Hong Kong. Hatari yake haikuwa jela ya Waingereza. Hatari ilikuwa kufukuzwa na kutiwa mikononi mwa Wafaransa, maana mahakama moja huko Vietnam, chini ya utawala wao, ilikuwa imekwisha kumhukumu kifo bila yeye kuwapo. Wakili wa Hong Kong, Frank Loseby, aliichukua kesi. Hakupoteza muda kubishana kuhusu siasa za mteja wake. Aliuliza swali la sheria: je, serikali ina haki ya kumfukuza mtu kwa namna itakayomkabidhi kwa wanaotaka kumwua?

Mahakama ya Hong Kong ilikataa hoja hiyo. Hapo ndipo rufaa ikapelekwa Privy Council ya London, iliyokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Waingereza. Huko Ho aliwakilishwa na Pritt, na serikali ikawakilishwa na Stafford Cripps. Mwaka 1932 wawili hao walifikia makubaliano nje ya mahakama: Ho ataondoka Hong Kong, lakini hatakabidhiwa kwa Wafaransa. Mwanzoni mwa 1933 aliondoka akiwa hai.

Hapa tulijifunza jambo la kwanza. Wakili mzoefu anajua kuwa nyani wa kwanza si wa mwisho. Anajua mlango gani upo juu yake, na anajua wakati wa kubisha na wakati wa kupatana.

Uwanja wa ugenini

Tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari nchini Kenya. Usiku huo huo Jomo Kenyatta alikamatwa. Alishtakiwa pamoja na Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng Oneko kwa kosa la kuongoza Mau Mau na kuwa wanachama wake.

Serikali ilichagua uwanja wake. Kesi ilipelekwa Kapenguria, kaskazini-magharibi mwa Kenya, katika eneo ambalo watu hawakuruhusiwa kuingia bila kibali. Washtakiwa hawakuwa wakazi wa huko, kwa hiyo waliachiwa kwa muda mfupi kisha wakakamatwa tena pale pale, ili mahakama ya huko ipate mamlaka juu yao. Shule ikageuzwa mahakama. Hapakuwa na hoteli, na mawakili walilala Kitale, yapata kilomita 40. Hakimu alikuwa Ransley Thacker, jaji mstaafu. Wanahistoria wameandika kuwa serikali ilimlipa pauni 20,000. Kama kuna kesi ya ngedere iliyopelekwa kwa nyani, ni hiyo.

Hata hivyo washtakiwa waliajiri wakili, tena mzoefu. Pritt alikuwa na umri wa miaka 65. Lakini hakuja peke yake, na hili ndilo tulilolipenda zaidi. Alikuwepo H. O. Davies kutoka Nigeria, Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa akifanya kazi ya uwakili Tanganyika, na Chaman Lall kutoka India. Walikuwepo pia mawakili wa Kenya, Achhroo Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh. Pritt aliijua mahakama, nao waliijua Kenya. Wakili mgeni, hata awe na jina kubwa namna gani, hawezi kujua ni mzee gani wa kijiji aliyemwona nani siku gani. Mashahidi hutafutwa na watu wa pale pale.

Kesi ilipoanza, Pritt alituma simu ya maandishi kwa wabunge wa London akilalamika kuwa mazingira yale yanawanyima washtakiwa haki. Thacker alikasirika, na Pritt mwenyewe akashtakiwa kwa kuidharau mahakama. Mahakama Kuu ikamwachia. Pritt akarudi Kapenguria kuendelea na kazi.

Mkalimani

Kuna sehemu moja ya kesi hii iliyotugusa sisi binafsi. Mkalimani wa Kikuyu alikuwa Louis Leakey, mwanasayansi maarufu. Alikulia Kabete, na Kikuyu alikijua tangu utotoni. Lakini mwaka huo huo wa 1952 alikuwa amechapisha kitabu kuhusu Mau Mau, na msimamo wake ulijulikana. Upande wa utetezi ulimpinga: mtu mwenye msimamo katika ugomvi hafai kuyabeba maneno ya shahidi. Wakati kesi ikiendelea, Leakey alijiondoa katika kazi hiyo.

Wengi wetu katika chama hiki tumewahi kuwa wakalimani wa wazazi wetu, hospitalini, benki, kwa mwenye nyumba. Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kulipunguza neno kali la baba ili mambo yasiharibike? Nyumbani huo ni wema. Mahakamani neno likipungua, haki nayo imepungua. Kuijua lugha hakutoshi kumfanya mtu awe mkalimani, na wakili mzoefu ni yule anayelisikia kosa hilo na kusimama kulipinga.

Kushindwa kulikoacha kitu

Shahidi mkuu wa serikali, Rawson Macharia, alidai kuwa alimwona Kenyatta akiwalisha watu kiapo mnamo Machi 1950. Upande wa utetezi ulileta mashahidi wa kumpinga. Katika hukumu yake Thacker alisema wazi kuwa anawakataa mashahidi kumi wa utetezi na kumwamini mmoja wa mashtaka. Tarehe 8 Aprili 1953 wote sita walihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu.

Kwa hiyo Pritt alishindwa. Lakini kila pingamizi, kila swali alilomwuliza Macharia, na kila jibu yalikuwa yameandikwa katika mwenendo wa kesi. Rufaa hujengwa juu ya maandishi hayo. Mwaka huo huo wa 1953 Mahakama Kuu ya Kenya ilikubali kuwa Thacker hakuwa na mamlaka ya kusikiliza kesi pale Kapenguria, ingawa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliutengua uamuzi huo. Mwaka 1954 hukumu dhidi ya Achieng Oneko ilifutwa, ingawa serikali iliendelea kumweka kizuizini. Privy Council ilikataa kuwasikiliza wale wengine.

Kisha mwaka 1958 Macharia akaapa hati kwamba ushahidi wake wa Kapenguria ulikuwa wa uongo. Alishtakiwa na kufungwa kwa sababu ya hati hiyo, lakini dunia ilikwisha kujua kuwa serikali ilimlipia safari na masomo Uingereza. Watu waliweza kuyalinganisha maneno yake ya 1958 na yale ya Kapenguria kwa sababu palikuwa na wakili aliyemdodosa na karani aliyeandika. Bila hayo, ingebaki hadithi ya mtu mmoja dhidi ya serikali.

Kesi ya tatu ni fupi, na inatuhusu sisi tunaoandika gazeti hili. Mwaka 1954 huko Singapore wanafunzi wanane wa chama kimoja cha chuo kikuu walishtakiwa kwa uchochezi kwa sababu ya makala katika gazeti lao. Gazeti liliitwa Fajar, neno lile lile la Kiarabu lililotupa sisi alfajiri. Wakamwajiri Pritt, na kijana Lee Kuan Yew akawa msaidizi wake. Agosti mwaka huo wote wanane waliachiwa huru. Wakili ni yule yule wa Kapenguria, lakini safari hii mahakama ilimsikiliza.

Tulichomwambia mjomba

Hatukumwambia kuwa mahakama za Guangzhou ni Kapenguria. Mjomba anaogopa zaidi lugha na ugeni. Tulimwambia kuwa sheria ya China inamtaka mgeni anayehitaji wakili mahakamani amwajiri wakili wa China, na kwamba kesi huendeshwa kwa lugha ya hapa. Kwa hiyo asitafute jina kubwa wala ofisi yenye vioo. Amwulize wakili mambo matatu. Amewahi kusimama mahakamani mara ngapi kwa kesi za mizigo kama hii? Tukishindwa hapa, mlango unaofuata ni upi? Na nani atatafsiri karatasi na maneno yangu? Jibu la swali la tatu lisiwe sisi wapwa zake, kwa sababu tunampenda mno.

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Huyo Pritt wenu, kule Kapenguria alishinda?”

“Hapana, mjomba. Alishindwa.”

Akanyamaza kidogo. “Lakini yote yaliandikwa?”

“Yote.”

Akafungua mfuko wake, akamwaga mezani mkataba, risiti na simu yenye mazungumzo yale ya miezi mitatu. Jioni hiyo tulizipanga karatasi kwa tarehe, ya kwanza chini, ya mwisho juu. Wakili bado hajapatikana, lakini atakapopatikana atakuta pa kuanzia.