Bewitched

Bewitched ni tamthilia ya vichekesho ya televisheni ya Marekani iliyorushwa na kituo cha ABC kuanzia 17 Septemba 1964 hadi 25 Machi 1972, ikiwa na vipindi 254 katika misimu 8. Ilibuniwa na Sol Saks. Vipindi vya misimu 2 ya kwanza vilirekodiwa kwa rangi nyeusi na nyeupe.

Kisa. Samantha (Elizabeth Montgomery), mchawi, anaolewa na Darrin Stephens, binadamu wa kawaida anayefanya kazi katika kampuni ya matangazo ya biashara. Usiku wa harusi anamfichulia siri yake, na mume anamtaka aache uchawi. Samantha anaahidi, lakini mambo yakienda kombo hutikisa pua na kazi ikaisha. Mama yake, Endora (Agnes Moorehead), hamkubali mkwewe, na kwa makusudi hulikosea jina lake. Binti yao Tabitha naye anarithi uchawi wa mama.

Waigizaji. Dick York aliigiza Darrin hadi 1969 alipoacha kwa maradhi ya mgongo, nafasi ikachukuliwa na Dick Sargent.

Maudhui. Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, aliyekulia kwenye hadithi za watu waliooana na majini, ndoa ya namna hii si ngeni. Thamani ya tamthilia hii ni kuonyesha kwamba wanandoa wenye asili tofauti hudumu kwa kuvumiliana.

Urithi. Filamu yenye jina hilohilo, iliyoigizwa na Nicole Kidman, ilitoka 2005. Mwaka huohuo sanamu ya Samantha ilizinduliwa mjini Salem, Massachusetts.