Ruwa, Mizimu na Kristo katika Nchi ya Wachagga

Mwaka 1885 wamisionari wa Kianglikana walifika Moshi kwa Mangi Rindi, wakakaa miaka michache tu. Baada yao Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walijenga Kilema, na mwaka 1893 Walutheri wa Leipzig wakaingia Machame. Watu hawa walipingana katika mambo mengi, lakini juu ya Kristo walileta fundisho moja, nalo lilikwisha kukatwa shauri zamani sana. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulimkataa Arius, aliyemhesabu Mwana kuwa kiumbe. Na ule wa Kalkedonia wa mwaka 451 ulikiri kwamba Kristo ni mmoja, Mungu kweli na mtu kweli, na kwamba asili zake mbili hazichanganyiki wala hazitengani.

Maneno hayo yalitungwa kwa Kiyunani, kwa msamiati wa wanafalsafa. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro hapakuwa na msamiati huo, bali palikuwa na Ruwa na mizimu. Ruwa ndilo jina la Mungu, nalo lina udugu na jina la jua. Waliochunguza mila za Wachagga walieleza kwamba Ruwa alikuwa mwema, aliye juu, wala hakusumbuliwa kila siku. Sadaka nyingi zilielekezwa kwa wazee waliokufa, ambao makaburi yao yalikuwa kihambani, chini ya migomba.

Wamisionari walilikubali jina la Ruwa, na hapo ndipo ugumu ulipozaliwa. Kristo awekwe upande gani? Akihubiriwa kuwa Mungu tu, atakuwa mbali kama jua, na mwenye mgonjwa nyumbani atarudi kwa mizimu iliyo karibu. Akihubiriwa kuwa mtu tu, aliyekufa na sasa yu hai kwa namna nyingine, atakuwa mzimu mmoja zaidi. Tena mzimu mgeni, kwa maana alizaliwa Myahudi, wala hana kaburi katika kihamba cha ukoo wo wote mlimani.

Bruno Gutmann, Mlutheri aliyeanza kazi Moshi ya Kale mwaka 1910 na kulitafsiri Agano Jipya kwa Kimochi, aliona umuhimu wa karibu hiyo. Alishika kwamba mafungamano ya ukoo, ujirani na rika yametoka kwa Muumba, na kwamba usharika ujengwe juu yake. Shauri hilo lilikuwa na busara, kwa kuwa halikumng'oa Mkristo katika jamaa yake. Walakini lilibakiza swali: mafungamano ya ukoo huwaunganisha wa damu moja na kuwaacha wengine nje, na Kristo wa ukoo mmoja hawezi kuwa Kristo wa watu wote.

Hapa ndipo maneno makavu ya Kalkedonia yanapopata uhai. Ubinadamu ambao Mtaguso uliukiri si ubinadamu wa kabila moja, bali ni ule ule wa kila mwanadamu; kwa hiyo Kristo ni jamaa ya kila ukoo pasipo kuombewa nafasi kihambani. Na kwa kuwa ni Mungu pia, hategemei kukumbukwa na wajukuu ili aishi, kama mizimu inavyotegemea. Padre Charles Nyamiti, mwanateolojia wa Tanzania, aliifuata njia hii katika kitabu chake cha mwaka 1984, akimtaja Kristo kuwa ndugu na mhenga wetu. Naye aliusimamisha uhenga huo juu ya asili zote mbili, si juu ya ubinadamu peke yake.

Basi, si kweli kwamba fundisho hili lilikuwa fumbo la Wayunani lisilowahusu watu wa mlimani. Wao walikwisha kuuliza, kwa lugha ya sadaka na makaburi, jinsi aliye mbali awezavyo kuwa karibu. Hata leo Wakristo wanaposali kwa Kichagga humwita Mungu Ruwa. Na wakimkiri Kristo kuwa Mwana wake aliyezikwa kama watu wanavyozikwa, huyakutanisha mambo mawili ambayo wazee wao waliyaweka mahali mbalimbali.