Nasaba ya Willys Katika Nchi ya Mara

Mwaka 1920 Mmarekani Leslie Simson, mhandisi wa madini mwenye uchu wa kuwinda, alifika na Ford yake hadi Seronera, katikati ya nyika ya Serengeti. Miaka saba kabla yake, mwandishi wa Kimarekani Stewart Edward White alikuwa ameingia nchi hiyo kwa miguu, mizigo ikiwa vichwani mwa wapagazi. White aliporudi miaka ya 1920, zama za gari zilikwisha kuanza. Yeye na wenzake walipiga kambi miezi mitatu wakaua simba wapatao 50. Waikoma na Wanata, wenyeji wa nchi hii ya Mara, walikuwa wakiwinda nyika hiyohiyo kwa upinde na mshale wa sumu tangu enzi za mababu zao, wala hawakuwa na haja ya simba 50. Lakini zilipokuja sheria za kuhifadhi wanyama, kwanza pori la akiba mwaka 1929, kisha hifadhi ya taifa mwaka 1951, aliyeamriwa kuweka silaha chini alikuwa mwenye upinde. Mwenye gari alikaribishwa na kamera yake.

Kamera ndizo zilizolileta gari la Willys. Martin na Osa Johnson, mume na mke kutoka Kansas, walifika Afrika Mashariki mwaka 1924 kwa safari ya miaka mitatu na zaidi. Kambi yao kubwa ilikuwa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, na kutoka huko waliteremka hadi Serengeti kuwafuata simba. Filamu yao, iliyoitwa kwa Kiswahili chetu, *Simba*, ilitoka mwaka 1928. Magari ya safari hiyo yalikuwa Willys-Knight. Leo chapa hiyo haipo tena duniani, na kijana wa Mugumu au Bunda ukimtajia jina hilo atakuuliza ni timu ya wapi. Hata hivyo gari analolipisha njia kila siku, lenye watalii au lenye namba za serikali, ni la ukoo huo.

John North Willys alikuwa muuza magari wa mji wa Elmira, jimbo la New York. Aliagiza magari ya Overland kutoka Indiana na kutanguliza fedha, kisha ukaja mtikisiko wa mabenki wa mwaka 1907 na magari yasionekane. Akapanda treni kwenda kudai chake. Alikuta kiwanda hakina hata fedha ya kulipa mishahara ya juma hilo. Mtu mwingine angerudi kwao akilia. Yeye alihangaika akapata fedha, mishahara ikalipwa, na muda si mrefu kiwanda kikawa mikononi mwake. Kazi ikahamia Toledo, Ohio, na kufikia miaka ya 1910 Willys-Overland ilikuwa ya pili Marekani kwa wingi wa magari, nyuma ya Ford peke yake.

Willys-Knight, iliyotengenezwa kuanzia 1914 hadi 1933, ilikuwa na injini iliyobuniwa na Charles Yale Knight, mtu aliyechukia kelele za valvu. Badala ya valvu za kawaida aliweka silinda mbili nyembamba, moja ndani ya nyingine, zikipanda na kushuka kuizunguka pistoni, na matundu yake yakikutana kupitisha hewa na moshi. Injini ikawa tulivu ajabu. Kwa mpiga picha wa simba utulivu huo ni mali. Lakini ilikunywa oili bila huruma na kuacha moshi wa buluu nyuma yake, na ikichakaa ilimtaka fundi aliyeijua hiyohiyo. Sasa ifikirie nyikani Ikoma, masika yakiwa yamefunga njia na fundi wa namna hiyo yuko Nairobi! Kwa maoni yangu gari hilo halikuwa na maisha katika nchi hii hata kama kiwanda chake kingedumu. Na hakikudumu. Mdororo wa uchumi uliikuta kampuni na madeni, ikawa mufilisi mwaka 1933, na Willys mwenyewe akafariki mwaka 1935.

Kilichofufua jina lake ni vita. Mwaka 1940 jeshi la Marekani lilitaka gari dogo, jepesi, linalovuta kwa magurudumu yote manne, na lilitoa muda mfupi mno. Kampuni ndogo ya Bantam ndiyo iliyowahi kuleta mfano wa kwanza, mwezi Septemba mwaka huo. Jeshi likaichukua michoro ya Bantam na kuwaonyesha Willys na Ford, jambo ambalo hata leo linanuka. Willys walishinda zabuni kwa sababu ya injini yao, ya nguvu za farasi 60, na Ford wakaagizwa watengeneze gari hilohilo kwa ramani ya Willys. Hadi vita vinakwisha mwaka 1945, viwanda hivyo viwili vilikuwa vimetoa Jeep zaidi ya laki sita.

Vijana wa Mara waliiona Jeep mbali na kwao. Wakuria na jirani zao walikuwa wengi katika King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma mwaka 1944, katika bonde la Kabaw, kwenye mvua na tope lisilokwisha. Wengi waliorudi kutoka vita ya Hitla walirudi na ufundi wa kuendesha au kutengeneza magari. Katika nchi ambayo usukani ulikuwa wa mzungu au wa mfanyabiashara wa Kihindi, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko medali.

Baada ya vita Jeep ilizaa, na kama ilivyo kwa koo nyingi, watoto waliofanikiwa zaidi si wale waliotambuliwa na baba. Wale halali walibaki Toledo, au walilelewa kwa mkataba ugenini: Mahindra wa India walianza kuziunganisha mwaka 1947, Mitsubishi wa Japani mwaka 1953. Wawili wa nje ndio waliotufikia.

Wa kwanza ni Landrova. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na Jeep iliyobaki vitani, akiitumia shambani kwake kisiwani Anglesey. Alijiuliza atafanyaje siku itakapochakaa. Mwaka 1947 mfano wa kwanza wa gari lake uliundwa juu ya chasisi ya Jeep, na gari lilipoonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ulikuwa uleule wa Jeep, inchi 80. Chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza, kwa hiyo bodi ikafanywa kwa aluminiamu. Uamuzi huo wa dhiki ndio uliolirefushia maisha huku kwetu, maana bodi haikuliwa na kutu. Kutu ilishuka kwenye chasisi, na chasisi fundi wa Bunda anaweza kuichomelea.

Katika nchi ya Mara, Landrova ilikuwa gari la bwana shamba, la misheni, la polisi na la mkuu wa wilaya, na ikawa gari la siasa. Miaka ya 1950 Mwalimu Nyerere aliizunguka Tanganyika kwa Landrova ya TANU. Huyu ni mtu aliyetoka Butiama mwaka 1934 kwenda kuanza shule Mwisenge, Musoma, mwendo wa kilomita 40 hivi, enzi ambazo gari halikuwa usafiri wa mtoto wa Kizanaki. Na hata alipokuwa Rais, mwenye magari ya kila namna, mwezi Oktoba 1967 alitoka Butiama kwa miguu hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha kwenye mkutano wa chama. Safari hiyo ilichukua zaidi ya wiki moja. Madereva wa msafara walikuwa na kazi ngumu kuliko yake, maana kuendesha Landrova kwa mwendo wa mtu anayetembea, juani, ni kuikaribisha rejeta ichemke.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu miaka iliyofuata ndiyo iliyoonyesha gari ni nini mikononi mwa mwenyewe. Kiwanda cha Leyland mjini Thika, Kenya, kilianza kuunganisha Landrova mwaka 1976. Kwa mtu wa Musoma hiyo ilikuwa habari njema: Sirari, mpakani, iko jirani, na ng'ambo yake ni Kisii na Kisumu, miji yenye maduka ya spea. Februari 1977 mpaka ukafungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inakufa, na mpaka haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Katikati yake ikaja vita ya Kagera, magari ya watu binafsi yakachukuliwa kwenda mbele, na mengine yakarudi hayatambuliki. Mafuta yakawa adimu hata ikapigwa marufuku kuendesha gari binafsi Jumapili baada ya saa nane mchana bila kibali.

Waliokuwa na Landrova miaka hiyo waliishi kwa njia za panya. Haf-shafti ilikatika kila mara, hasa kwa dereva aliyeachia klachi kwa hasira kwenye tope, kwa hiyo mwenye akili alitembea na nyingine chini ya kiti. Ikikosekana, ilichongeshwa. Bushi zilitengenezwa kwa mpira wa tairi. Gari lililoshindikana liliwekwa juu ya mawe na kuanza kutoa viungo vyake kimoja kimoja kwa wenzake: leo difu, kesho giaboksi, mwisho hata bawaba za milango. Mwaka 1983 ulipokuja msako wa wahujumu uchumi, mtu mwenye spea nyingi nyumbani alikuwa na maelezo ya kutoa. Kufunga duka la spea na kumshitaki anayezificha, kwangu, ni kumpiga mgonjwa kwa kuwa na dawa. Lakini wakati ule si wengi waliothubutu kuyasema hayo mbele ya mjumbe wa nyumba kumi.

Barabara nazo zilikuwa na neno lake. Tambarare ya Ndabaka, upande wa Bunda, ni udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi unapasuka kama kigae, masika unashika gurudumu na kulimeza. Utingo wa enzi hizo alijua kazi yake bila kuambiwa: kushuka, kufunga fowili kwenye vikombe vya magurudumu ya mbele, kukata matawi, kusukuma, na kurudi juu ya mizigo akiwa mweusi wa tope hadi kifuani. Abiria walioketi nyuma kwenye viti vya ubavuni, magoti yakigusana, pamoja na kuku na magunia ya mtama, walilipa nauli na bado walisukuma.

Mtoto wa pili wa nje alizaliwa Japani. Mwaka 1951 Toyota walitengeneza gari walilolitaja waziwazi Toyota Jeep, wakalipandisha Mlima Fuji kuthibitisha nguvu zake. Wenye jina Toledo hawakulikubali hilo. Mwaka 1954 gari likabatizwa upya Land Cruiser, na jina hilo likawazidi wote. Milango ya biashara ilipofunguliwa nchini katikati ya miaka ya 1980, na magari ya Kijapani yakaanza kumiminika, Landrova ilikuta mpinzani ambaye spea zake zilikuwa kwenye kila duka. Mfululizo wa 70, ulioanza mwaka 1984, bado unatengenezwa. Watu wanauita mkonga, kwa bomba lake la hewa linalopanda pembeni ya kioo. Ndugu zake wa kifahari waliitwa mashangingi, na jina hilo lilitamkwa kwa uchungu kila bajeti ya wizara iliposomwa. Serengeti leo ni nyumba ya ukoo huu mzima: Land Cruiser zilizorefushwa na kufunguliwa paa hupanga foleni Seronera kumtazama simba mmoja amelala.

Nyumbani kwao ukoo ulikwisha kimya kimya. Kampuni ya Kaiser iliinunua Willys mwaka 1953, magari madogo ya Willys yakakoma Marekani mwaka 1955, na mwaka 1963 jina likaondolewa hata kwenye kibao cha kampuni. Landrova ya umbo la zamani, iliyokwisha kuitwa Defender, ilitoka kiwandani Solihull kwa mara ya mwisho tarehe 29 Januari 2016. Kwa wenyewe wa Mara tarehe hiyo haikubadilisha lolote. Landrova nyingi zilikwisha kuvalishwa injini za Kijapani zamani, na aluminiamu ya zile zilizokufa kabisa ina soko kwa wasubu sufuria.

Barabara ya lami kati ya Musoma, Bunda na Mwanza ndiyo iliyoushinda ukoo huu. Abiria wa leo hahitaji fowili. Anapanda mchomoko, gari dogo la Kijapani lililoshindiliwa watu, anafika kabla hajakasirika vizuri. Ukoo wa Jeep umebaki porini, serikalini, na kwa wale wazee ambao hawauzi.

Jina la Willys lenyewe lilionekana tena mwaka 2014, kama chapa iliyobandikwa kwenye boneti ya toleo moja la Jeep Wrangler, kwa wateja wanaopenda mambo ya kale. Likifika Bunda, mnunuzi hatauliza habari za Toledo wala za Burma. Atazunguka gari mara moja, atainama kutazama chini kama linavuja, kisha atauliza spea zake zinapatikana Mwanza au ni mpaka Dar.